Kutafuta namba yako ya faundesheni na mbadala wake wa bei nafuu: mwongozo kamili

Kila msimu wa harusi ukikaribia napokea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza: "Dada, nimenunua faundesheni, dukani imenikaa vizuri, nimefika nyumbani nina uso wa majivu." Wa pili: "Ile ya bei mbaya siiwezi, niambie ipi inafanana nayo." Nimepaka maharusi hapa Dar es Salaam kwa miaka tisa, na naona wengi wanaouliza la pili hawajamaliza la kwanza. Huwezi kupata mbadala wa kitu ambacho hujui kwa nini kinakukaa. Utanunua tatu za bei nafuu zisizokufaa, na kwa pesa hizo ungeshapata moja inayokufaa.

Kwa hiyo twende kwa mpangilio. Usiruke hatua, hasa ya tatu na ya nne. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kioo kidogo cha mkononi. Kioo cha duka kimefungwa chini ya taa, chako utatoka nacho nje.
- Tishu, na chupa ndogo ya maji ya kusafishia uso.
- Vijiti vya pamba vya masikio, visipungue sita.
- Simu yenye flashi.
- Daftari dogo na kalamu.
- Blauzi nyeupe au kanga isiyo na rangi kali. Nguo nyekundu au ya njano huakisi rangi yake kidevuni na kukudanganya.
- Saa nzima isiyo na haraka. Kama mwenzako anakusubiri kwenye bajaji, ahirisha.

Uso uende mtupu, losheni tu.

## Hatua ya 1: Tuliza ngozi

Siku tatu kabla, acha skrabu, acha limau, acha sabuni kali. Ngozi iliyokwanguliwa inakuwa nyekundu au inatoa magamba, na faundesheni hung'ang'ania magamba hata iwe ya bei gani.

Kama unatumia mkorogo, nakuambia kwa upendo: hakuna namba ya rangi itakayokukaa kwa zaidi ya wiki chache, kwa sababu uso wako unabadilika huku shingo na vidole vikibaki. Anza na kuacha huo, na kama umeutumia muda mrefu, mwone daktari wa ngozi akuongoze namna ya kuacha. Zile zenye steroidi ukizikatisha ghafla uso unaweza kuwaka.

Umefanikiwa ukipitisha kidole shavuni kikateleza bila kukwaruza.

## Hatua ya 2: Jua rangi iliyo chini ya rangi

Tunajitambulisha kwa rangi ya juu: maji ya kunde, mweusi, mweupe. Lakini chini yake kuna rangi ya pili, na hiyo ndiyo inayoamua. Wawili mnaweza kukaa bega kwa bega mko weusi sawasawa, mmoja chini ana manjano kama asali, mwingine ana wekundu kama udongo wa kichuguu. Faundesheni moja haitawakaa nyote.

Mitandaoni wanafundisha kutazama mishipa ya mkononi, eti ikiwa ya kijani wewe ni manjano, ikiwa ya bluu wewe ni mwekundu. Kwa ngozi zetu nyingi mishipa haionekani kwa uwazi huo, kwa hiyo usiumize macho. Fanya hivi: saa nne asubuhi simama karibu na dirisha, weka karatasi nyeupe kando ya shingo, tazama kwenye kioo. Weupe wa karatasi unaisukuma rangi ya chini ijitokeze. Ukishindwa kuamua, mwite ndugu yako asimame pembeni yako. Tofauti huonekana haraka nyuso zikiwa mbili.

Sasa majivu yanatoka wapi? Karibu kila faundesheni hujengwa kwa rangi nne: nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi. Nyeupe ni titani dioksidi. Nyingine tatu ni oksidi za chuma, ukoo mmoja na kutu. Kwenye orodha ya viambato zinaandikwa kwa namba: CI 77891 ni nyeupe, 77492 ni njano, 77491 ni nyekundu, 77499 ni nyeusi. Kampuni ikichukua mchanganyiko uliotengenezewa ngozi nyeupe ikauongezea nyeusi tu, inapata kijivu. Njano na nyekundu hazikuongezwa za kutosha.

Ndiyo maana kuchukua namba nyeusi zaidi hakuondoi majivu kila mara. Wengi wenu mmepanda namba mbili, tatu, na uso umezidi kuwa mfu. Kilichokosekana hakikuwa weusi, kilikuwa njano au wekundu. Hili likikuingia, nusu ya kazi imeisha.

## Hatua ya 3: Mistari mitatu, na utoke nje

Dukani usimwambie muuzaji "nipe namba yangu". Mwombe namba tatu: ile unayodhani ni yako, moja iliyokolea kidogo, na moja ya weusi uleule lakini yenye njano au wekundu zaidi.

Chota kwa kijiti kipya cha pamba kila moja. Usipeleke kopo la kujaribia moja kwa moja usoni, limeguswa na watu wengi. Rangi ya midomo na wanja wa dukani usijaribu kabisa mdomoni wala jichoni. Paka mgongoni mwa mkono uone rangi, basi.

Faundesheni ni tofauti, mgongo wa mkono hautufai. Mkono umeungua jua kuliko uso, au umekauka kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Chora mistari mitatu midogo kutoka chini ya shavu, ipite mfupa wa taya, iishie shingoni. Sababu ya kushuka hadi shingoni ni kwamba nyuso zetu zina rangi zaidi ya moja. Paji la uso na pembeni mwa mdomo hukolea, katikati ya shavu hufifia. Shingo na kifua ndivyo vitakavyokaa kando ya uso kwenye picha, basi fuata hivyo.

Kisha toka nje.

Mwezi uliopita nilikuwa Kariakoo na binti mmoja aliyenifuata nimsaidie. Muuzaji, mama mwenye subira, alimkazia macho akasema, "Mwanangu, hii ya katikati ndiyo yako, imekuzama." Chini ya taa nyeupe za duka ilizama kweli. Nikamwambia tusogee mlangoni. Tulipofika kwenye ngazi, jua likimpiga ubavuni, mstari wa katikati ukawa kama chokaa iliyopauka, na ule wa tatu, ambao dukani ulionekana mchafu, haukuonekana tena. Akageuza kioo kulia, akageuza kushoto, akauliza, "Umefutika?" Haukufutika. Alikuwa amepata rangi yake.

Tafuta kivuli chenye mwanga, usisimame kwenye jua kali la saa saba. Jua la utosi hufanya kila kitu kiwe cheupe.

Umefanikiwa pale unapoutafuta mstari mmoja kwa macho na kushindwa kuuona unapoanzia.

## Hatua ya 4: Subiri nusu saa, kisha piga picha mbili

Usilipe bado. Nenda kanywe soda, zungukia maduka mengine, mistari ikiwa usoni. Faundesheni nyingi hubadilika zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi, na kwa kawaida hukolea au kugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika ishirini au thelathini. Iliyokukaa dakika ya kwanza inaweza kukugeuka ukiwa kwenye daladala.

Nusu saa ikiisha, piga picha moja bila flashi na moja kwa flashi. Poda na faundesheni zenye silika (unga laini wa madini) nyingi au titani dioksidi nyingi hurudisha mwanga wa kamera, uso ukatoka mweupe huku shingo ikibaki ilivyo. Mdogo wangu alipakwa sendofu yake na mtu mwingine, siku hiyo mimi nikiwa upande wa familia. Ukumbini alipendeza. Albamu ilipokuja, kila picha ya usiku ilikuwa na mduara mweupe chini ya macho. Alilia, na hakuna aliyeweza kuzipiga picha zile upya. Tangu siku hiyo simpeleki mtu ukumbini bila kupiga picha ya flashi kwanza.

Andika daftarini: jina la kampuni, jina la bidhaa, namba, na maneno mawili ya ulichoona. Mfano: "imekolea kidogo, njano nzuri."

Onyo: namba hazina lugha moja. 330 ya kampuni hii haina undugu na 330 ya ile. Hata herufi hupishana. Kwa MAC, NC ni kwa ngozi yenye manjano na NW kwa yenye wekundu, wakati kwa kampuni nyingine nyingi W ndiyo ya manjano na C ndiyo ya wekundu. Watu hununua kinyume kila siku kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 5: Soma kopo

Tazama mambo manne.

Kwanza, msingi wake. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza kikiwa "aqua" au "water", na katika vile vinavyofuata kusiwe na majina yanayoishia "-cone" au "-siloxane", ni ya maji. Hayo yakiwa juu kabisa, wakati mwingine hata kabla ya maji, ni ya silikoni. Praima, ile krimu inayopakwa kabla ya faundesheni, na faundesheni yenyewe ziwe za msingi mmoja. Ya maji juu ya silikoni hukataa kushika na kuviringika kama vifutio vya shule.

Pili, mchoro wa kopo lililo wazi kifuniko, ndani yake kumeandikwa 6M, 12M au 24M. Ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Maskara usiipitishe miezi sita hata ikiwa bado inapaka. Inakaa karibu na jicho, na bakteria hupenda unyevu.

Tatu, ufeki. Namba ya bechi, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani, iwepo kwenye boksi na kwenye chupa, na zilingane. Maandishi yasiwe na makosa, kifuniko kisichezecheze, harufu isiwe ya rangi ya ukuta. Tanzania kazi ya kusajili vipodozi ilihamia TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019, kwa hiyo una haki ya kumuuliza muuzaji kama bidhaa imesajiliwa, na duka linalojiheshimu halikasiriki. Zile za kupimiwa kwenye vikopo visivyo na maandishi, ziache.

Nne, ujazo. Nitaurudia hapa chini.

## Hatua ya 6: Sasa tafuta mbadala

Tutofautishe maneno. Feki ni chupa iliyoiba jina la mwingine. Mbadala ni bidhaa yenye jina lake, inayofanya kazi ileile kwa bei yako. Feki sikushauri hata kwa bure, hujui ndani mna nini. Mbadala nakushauri kwa moyo wote. Fenty Beauty ya Rihanna ilipoingia sokoni Septemba 2017 na namba 40 kwa mpigo, kampuni nyingi ziliongeza rangi za ngozi nyeusi, na sasa huhitaji bei mbaya ili upate njano yako au wekundu wako.

Chukua daftari. Ile ya gharama uliyoipenda, andika kazi zake tatu: inaficha kiasi gani (kidogo, wastani, sana), inamalizika vipi (kavu au ya kung'aa), na msingi wake (maji au silikoni). Ongeza rangi ya chini uliyoijua hatua ya pili. Bidhaa ya bei nafuu ikilingana kwa haya manne, umepata mbadala. Jina, chupa ya kioo na harufu havimo kwenye hesabu.

Piga na hesabu ya mililita. Tuseme chupa ya mililita 30 ni shilingi 45,000: kila mililita ni 1,500. Ile "ya bei nafuu" ya mililita 15 kwa 30,000 ni 2,000 kwa mililita. Imekuzidi bei ukiwa unadhani umeokoa.

Njia ninayoipenda kwa mwenye bajeti ndogo ni kuacha faundesheni kabisa. Nunua konsila (krimu nzito ya kufichia madoa) ndogo, zile za L.A. Girl Pro Conceal za gramu 8 kwa mfano, namba ya shingo yako. Pakaza pale penye doa, chini ya macho na pembeni mwa pua tu, gonga kwa kidole mpaka kingo zipotee. Ngozi iliyobaki iachwe ngozi. Kwa joto la Dar inadumu kuliko uso uliopakwa wote, kwa sababu kuna kidogo cha kuyeyuka. Weusi wa chini ya macho ukiwa mzito, tanguliza konsila ya rangi ya chungwa. Chungwa huvunja ubluu, na bila hiyo konsila ya kawaida hutoka kijivu palepale.

Vitu vingine vya kuokolea pesa:

- Faundesheni nyepesi ya kila siku: tone moja la faundesheni yako na losheni mara mbili yake, changanya kiganjani. Usichanganye ndani ya chupa, wala usichanganye na losheni ya jua, utaiharibia kinga yake.
- Rangi ya mashavu: rangi ya midomo, nyekundu ya matofali au zambarau kwa ngozi iliyokolea. Nukta mbili, sambaza kwa kidole.
- Mng'aro: Vaseline kidogo sana juu ya mfupa wa shavu. Mwenye chunusi aiache.
- Mdomo wa kahawia: chora ukingo kwa penseli ya kahawia ya mdomo, jaza katikati Vaseline.
- Kuondoa mekapu: mafuta ya nazi kwenye pamba, kisha osha kwa sabuni laini. Wenye chunusi watumie maji ya kusafishia uso, mafuta ya nazi huziba vinyweleo.
- Brashi ya faundesheni: vidole. Joto lake hulainisha. Ukitaka sponji, iloweshe na kuikamua kwanza, ikiwa kavu inainywa faundesheni yako. Ioshe kwa sabuni ya kipande kila ukishatumia.

Poda ya watoto na unga wa mahindi laini nimevijaribu vyote kama poda ya kumalizia. Kwa ngozi nyeusi vyote hurudisha majivu tuliyoyakimbia. Kuchanganya na kakao kunanukia vizuri, lakini jasho la saa moja hugeuza mabonge. Poda nunua yenye rangi, hata ya bei ya chini kabisa.

Na gundi ya kope za kubandika usitafute mbadala. Gundi ya kucha si gundi ya kope.

## Mahali ambapo bei nafuu ni hatari

Krimu za kung'arisha. Baadhi hutiwa zebaki. Zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipodozi vilivyotiwa zebaki. Mitaani bado zinaweza kupatikana. Ukiona "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", rudisha. Ukiona kopo linakuonya usiliguse ukiwa na vito vya dhahabu au fedha, rudisha pia, hiyo ni dalili ya zebaki. "Hydroquinone" nayo si ya kununuliwa dukani kwa kujipimia.

Wanja wa manga. Najua bibi zetu waliupaka, na unapendeza kuliko penseli yoyote. Lakini wanja wa unga wa mawe mara nyingi ni madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia wanja wa penseli ulioandikwa viambato, na mtoto mchanga usimpake wowote.

Piko. Hina halisi ni ya kahawia au nyekundu. Ile nyeusi inayokolea haraka ni dawa ya nywele, ina kemikali ya PPD, nayo huweza kukuachia malengelenge na kovu lenye umbo lilelile la maua uliyochorwa. Ukitaka maua, omba hina tupu na uvumilie saa zake.

## Hatua ya 7: Jaribio la siku mbili

Umenunua. Usipake uso bado. Weka kiasi cha punje ya dengu ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio, usiku wa kwanza na wa pili. Muwasho, vipele au joto ni ishara ya kuacha. Lisilotokea saa ya kwanza linaweza kutokea kesho yake, ndiyo maana nasema siku mbili.

Kama ni kwa ajili ya harusi, fanya hatua hii wiki mbili kabla. Kila mwaka napigiwa simu Ijumaa jioni na mtu aliyevimba, sherehe ni Jumamosi, na hapo sina cha kumfanyia zaidi ya kumwambia aoshe na aende kituo cha afya.

## Hatua ya 8: Ivae siku nzima ya kawaida

Chagua siku ya kazi ya kawaida, usichague siku ya sherehe. Paka safu moja nyembamba kuanzia katikati ya uso kwenda nje, poda kwenye paji, pua na kidevu tu. Panda daladala. Tembea. Toka jasho.

Jiangalie saa sita mchana na saa kumi jioni. Ikigawanyika puani, ulipaka nzito au msingi wa praima haukulingana. Ikigeuka chungwa, rudi namba moja chini au tafuta isiyo na wekundu. Ikikauka na kuchora mistari pembeni mwa mdomo, ngozi ilihitaji losheni zaidi na dakika tano za kusubiri kabla ya kupaka. Jasho lifute kwa kugonga tishu, usisugue.

Umefanikiwa ikiwa jioni mtu anakuambia umependeza bila kutaja mekapu.

Andika tarehe uliyofungua chini ya chupa kwa kalamu ya wino mzito. Ikibaki robo, rudi hatua ya tatu kabla ya kununua nyingine. Ngozi yako ya Januari, baada ya wiki mbili za ufukweni na jua la Krismasi, siyo ngozi uliyoipimia Julai.